Chumba Kidogo Hakitaki Sabufa Ndogo

Ingia duka la vifaa vya umeme Kismayo, useme unatafuta sabufa ya kusikilizia muziki chumbani. Utaulizwa kwanza ukubwa wa chumba. Ukijibu kwamba ni kidogo, mazungumzo yamekwisha: utaonyeshwa rafu ya visanduku vyepesi vyenye koni ya inchi 5 au 6, na utaambiwa kwa uhakika wote, "Chumba kidogo, sabufa ndogo." Muuzaji atasema hivyo, fundi redio atasema hivyo, na shemeji yako uliyefuatana naye ataitikia kwa kichwa. Ni kauli iliyoenea pwani yote, kuanzia kwetu hadi Lamu na Mombasa, na sijamwona mtu akiitaka itoe ushahidi.

Mimi naitaka itoe ushahidi, na nasema haina. Chumba kidogo ndipo mahali ambapo sabufa ndogo hufanya vibaya kuliko popote pengine, na ndipo mahali ambapo sabufa kubwa iliyotulia hupata msaada ambao ukumbi hauwezi kuipa. Nikisema kubwa, sina maana ya yale makasha marefu yenye taa za rangi yanayopigwa mlangoni pa duka. Namaanisha koni ya inchi 10 au 12, ndani ya kasha lililofungwa pande zote bila tundu, inayopigwa kwa sauti ya chini na mtu aliyekaa kusikiliza.

Kauli ile haikuzuka bure, na ni haki kusema ilikotoka. Mtu alileta sabufa chumbani, akaiweka pembeni nyuma ya kabati, akawasha wimbo, na nyumba nzima ikavuma. Maneno ya mwimbaji yakafunikwa, vikombe vikagonga kwenye sinia, jirani akabisha hodi. Yule mtu akahukumu kwamba sabufa imekizidi chumba. Kuvuma kulikuwa kweli, lakini kosa alilibandika kwa asiyestahili, na hukumu yake ikapokewa na wengine mpaka ikawa kama sheria.

Tuangalie chumba chenyewe. Katika hewa yetu ya nyuzi 28, sauti husafiri kwa kasi ya mita 348 hivi kwa sekunde. Mlio wenye mitetemo 58 kwa sekunde, yaani hezi 58, una wimbi la urefu wa mita 6, na nusu ya wimbi hilo ni mita 3. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 hulirudisharudisha wimbi hilo mpaka linajazana lenyewe kwa lenyewe. Sasa chukua chumba cha matofali cha mita 3 kwa 3, cha aina inayojengwa sana mijini mwetu, chenye kimo kisichopita sana mita 3. Urefu wake, upana wake na kimo chake vyote vinajaza mlio uleule mmoja. Katika chumba hicho hezi 58 zina nyumba, zina kitanda, na hazitaki kuondoka.

Kisha angalia kile kisanduku kidogo kilichopendekezwa. Koni ya inchi 6 haiwezi kushuka chini kwa nguvu zake, na mtengenezaji analijua hilo. Kwa hiyo hutoboa kasha, akatia bomba la hewa, na kulipima bomba hilo livume mahali fulani kati ya hezi 50 na 70, ili mnunuzi akisikia kishindo dukani atoe pesa. Chini ya hapo bomba haliisaidii tena koni, na sauti inaporomoka haraka: kila mitetemo inapopungua kwa nusu, kasha lenye tundu hupoteza desibeli 24, ilhali lililofungwa hupoteza 12. Ukikipeleka kisanduku hicho katika chumba cha mita 3 kwa 3, umechukua chombo kinachopenda kuvuma hezi 58 ukakiweka katika chumba kinachopenda kuvuma hezi 58. Gitaa la besi likishuka noti moja moja, noti moja itaruka juu ya wenzake wote na zilizo chini yake zitapotea. Huo ndio mvumo aliokuwa akiulalamikia yule bwana. Dawa anayopewa leo ni kisanduku kidogo zaidi, ambacho bomba lake limepimwa juu zaidi, palepale tatizo lilipo.

Najua si vyumba vyote vya pwani hii ni vya matofali mapya. Zipo nyumba za mawe za zamani, zilizojengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa, na visiwa vyetu vimejaa magofu yake: Koyama, Chovai, Chula. Neville Chittick alipochapisha mwaka 1969 ripoti yake ya uchunguzi wa pwani ya kusini ya Somalia, sehemu kubwa ya alichokiandika ilikuwa juu ya kuta hizo. Chumba cha nyumba ya mawe ni chembamba na kirefu kwa sababu dari yake inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda. Upana wake ni mita 2 na nusu hadi karibu 3, na urefu unaweza kufika 5 au kupita. Chumba cha mita 5 kwa 2.7 hujaza hezi 35 kwa urefu wake na hezi 64 kwa upana wake. Ukuta mnene wa mawe hauli besi. Huirudisha karibu yote. Kisanduku kidogo humo kitaziamsha hezi 64 kila mara, na zile 35 hakitazifikia kabisa. Msikilizaji atapata kelele ya upana wa chumba bila kupata kina cha urefu wake.

Na zipo nyumba za udongo na fito zilizoezekwa makuti, ambazo ndizo nyumba za watu wengi visiwani. Hizo ni kinyume chake. Makuti huiachia besi ipite, na ukuta wa udongo hutikisika ukaila kidogo. Chumba hakivumi, lakini pia hakisaidii. Mlio mzito unaotoka kwenye sabufa unaondoka na upepo. Ndani ya nyumba hiyo sabufa lazima ifanye kazi yote peke yake, na kisanduku cha inchi 6 hakina uwezo wa kuifanya. Kwa hiyo kauli ya "chumba kidogo, sabufa ndogo" inashindwa mara mbili, kwa sababu mbili zilizo tofauti: penye jiwe kisanduku kinavuma, penye makuti hakisikiki. Kanuni inayoshindwa katika nyumba zote mbili tunazoishi imebaki na nini cha kututetemesha nacho?

Wanaoitetea hujibu kwamba teknolojia imebadilika, kwamba siku hizi kidogo kinaweza kutoa sauti ya kikubwa. Hapa hakuna ubishi wa ladha, kuna kanuni. J. Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya spika ya KLH huko Massachusetts mwaka 1957, aliiweka wazi, na mafundi wa dunia nzima wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann. Kasha dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mchache: chagua mawili, la tatu utalikosa. Kisanduku cha dukani ni kidogo, na kinapiga kelele kwa amplifaya dhaifu. Hayo ni mawili tayari. La tatu, besi ya chini, halimo ndani yake, hata karatasi iliyobandikwa juu ikisema nini.

Sababu iko kwenye hewa. Ili kutoa mlio kwa nguvu ileile huku mitetemo ikipungua kwa nusu, tuseme kutoka hezi 60 hadi 30, koni lazima isukume hewa mara 4 zaidi. Koni ya inchi 6 na nusu ina eneo la sentimita za mraba 130 hivi. Ya inchi 12 ina karibu 480. Mbajuni yeyote aliyewahi kukumba maji chomboni analielewa hili bila hesabu: mwenye upo mdogo atakumba mbio, atachoka, atamwaga maji ovyo, na chombo bado kitajaa, mwenye upo mkubwa anainama polepole na chombo kinakauka. Koni ndogo inayolazimishwa kutoa besi hukimbizana mbele na nyuma mpaka inatoka nje ya mwendo wake halali, na hapo huanza kuongeza milio ambayo haimo katika wimbo. Kelele hiyo ya uongo ndiyo sikio letu limefundishwa kuiita besi. Kubwa ikipiga mlio uleule inasogea kidogo tu, na haiongezi lake.

Nimesema chumba kidogo huisaidia sabufa kubwa, na hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi kamwe. Chini ya ule mlio wa chini kabisa ambao chumba kinaweza kuujaza, mawimbi hayapati tena nafasi ya kwenda na kurudi. Badala yake chumba kizima kinashindiliwa na kuachiliwa pamoja kama hewa iliyofungiwa. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 hali hiyo inaanza chini ya hezi 58. Kuta zikiwa ngumu na milango imefungwa, msaada huo unaweza kukaribia desibeli 12 kila mitetemo inapopungua kwa nusu. Sasa kumbuka kasha lililofungwa hupoteza kiasi gani: desibeli 12 zilezile. Chumba kinarudisha kile kasha linachopoteza. Kwa kweli madirisha yetu ya mbao na mlango wenye pazia huvujisha sehemu ya msaada huo, na mabati yakitikisika huuvujisha zaidi, lakini hata nusu yake ni zawadi kubwa. Kasha lenye tundu halifaidiki nayo kwa usawa huo, kwa sababu limekwisha kuporomoka. Mwenye ukumbi mkubwa hapewi zawadi hii. Mwenye chumba kidogo chenye kuta ngumu anapewa, kisha anashauriwa anunue chombo kisichoweza kuipokea.

Kasha lililofungwa lina historia yake ya heshima. Edgar Villchur alilifikisha sokoni mwaka 1954 kwa spika ya AR-1, akitumia hewa iliyofungwa ndani kama springi ya kuirudisha koni mahali pake, na kwa njia hiyo akapata besi safi katika kasha ambalo mtu angeweza kuliweka sebuleni. Nasikia watu wakiita makasha ya namna hiyo ya kizamani kwa sababu hayana tundu. Waiteni mtakavyo. Koni ya inchi 10 inatosheka na kasha la lita 20 hadi 30 lililofungwa, na kasha hilo linaenea chini ya meza au kando ya kitanda. Ukubwa ninaoudai si wa kujaza chumba fanicha.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la jirani. Nyumba zetu zimebanana. Ukuta wako ni ukuta wa mwenzako, na upande wa pili kuna mgonjwa, kuna mtoto mchanga, kuna mzee anayeamka usiku kusali. Mtu akiniambia kwamba adabu inamtaka anunue kidogo, namheshimu kwa nia yake, lakini natofautiana naye kabisa kwa matokeo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories walichapisha vipimo vya sikio la binadamu, navyo vilionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio hupoteza besi kwanza. Katika usikilizaji wa taratibu wa usiku, mlio wa hezi 50 unahitaji zaidi ya desibeli 30 juu ya mlio wa katikati ndipo usikike sawa nao. Ndiyo maana mwenye kisanduku kidogo hupandisha sauti: anaitafuta besi ambayo hakuiona, na akiipandisha anapandisha kila kitu, ule mvumo wa hezi 58 ukiwa mbele. Mvumo huo mmoja, unaorudi na kurudi, ndio unaopenya ukutani na kumkosesha jirani usingizi. Mwenye sabufa iliyo sawa toka juu hadi chini huupata wimbo ukiwa kamili katika sauti ya mazungumzo, na hapo mkono wake hauendi kwenye kitufe. Kwa mtu anayejali jirani, kubwa iliyotulia ndiyo yenye adabu.

Na sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kuujali usikilizaji wa taratibu. Kuanzia 2008 hadi 2012 Kismayo ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab, na muziki ulipigwa marufuku. Kabla ya hapo, vita vya 1991 vilikuwa vimewatawanya Wabajuni hadi Mombasa, na baadaye hadi Uingereza na kwingineko. Mtu aliyetoka katika miaka hiyo akajipatia chumba chake, mlango wake na saa moja ya kusikiliza, anastahili kuusikia wimbo wote. Nakasirika, na sioni haya kusema nakasirika, ninapomwona mtu huyo akipewa kishindo na kuambiwa ndiyo besi.

Maana muziki wenyewe unadai zaidi. Vikundi vya taarabu vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture Musical Club ya 1958, vina ile besi kubwa ya kusimama inayotembea chini ya fidla na akodiani. Uzi wake mzito kabisa hutoa hezi 41. Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza magitaa ya umeme, la besi likiwemo, katika taarabu miaka ya 1960, na uzi mzito wa gitaa hilo ni hezi 41 hizohizo. Dur-Dur Band ya Mogadishu ya miaka ya 1980 imesimama juu ya besi: ukiondoa mwendo wa gitaa hilo, wimbo unabaki mifupa. Nyuzi 4 za gitaa la besi zikiachwa wazi ni hezi 41, 55, 73 na 98. Kisanduku kinachovuma 58 na kunyamaza 41 kinaharibu uzi wa pili na kuuficha wa kwanza. Mpigaji alichagua noti zile kwa mpango, na kisanduku kimempangia nyingine.

Ngoma zetu zinaumia zaidi. Katika arusi za Kibajuni msondo, vumi na chapuo kila moja ina sauti yake na kazi yake, na mwenye sikio hutambua mkono wa mpigaji kwa namna mlio mzito unavyoanza na unavyokatwa. Kasha lenye bomba haliwezi kukata mlio ghafla. Hewa ya bombani inaendelea kuyumba baada ya mkono kutoka kwenye ngozi, na pigo linalofuata linakuta la kwanza bado lipo. Vumi inageuka mngurumo usio na mwanzo wala mwisho, na chapuo inayojibu juu yake inapotea. Kasha lililofungwa hunyamaza ngoma inaponyamaza. Kwa muziki wa mapigo yanayojibizana, tofauti hiyo naiona kubwa kuliko ya wati zote duniani.

Kwa upande mwingine, nikiri kwamba ipo hazina ambayo sabufa haiiongezei kitu. Santuri za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, karibu hazina mlio wa kina ndani yake, na kanda nyingi za udi zilizonakiliwa mara nyingi ziko hivyohivyo. Udi wenyewe hauna haja ya kushuka sana. Uzi wake mzito kwa kawaida uko karibu na hezi 65 au 73. Kwa muziki huo kazi ya sabufa nzuri ni kukaa kimya. Kisanduku kinachovuma hakiwezi hata hilo: kinaokota mkwaruzo wa santuri na mngurumo wa mashine ya kanda, kinavitoa kama besi. Ikiwa husikilizi kingine ila udi na sauti ya mtu, kaa na spika zako mbili nzuri, uhifadhi pesa.

Yapo pia makosa upande wa pili, kwa wale wanaonunua kwa wati na kwa sinema. Wanadai sabufa ishuke hezi 20. Hiyo ni dunia ya filamu, ya ile hamu iliyoanza na mitambo ya kutikisa kumbi za sinema katika filamu ya Earthquake mwaka 1974. Kinanda kikubwa cha piano, ambacho ni nadra katika nyimbo zetu, huishia hezi 27.5. Anayeusikiliza muziki wetu akiipata 35 hadi 40 kwa usafi amepata karibu yote. Na wati zinazoandikwa kwenye katoni kwa herufi PMPO, elfu kadhaa kwa kisanduku cha kubeba kwa mkono mmoja, hazina kipimo chochote kinachokubaliwa nyuma yake. Geuza kifaa, usome karatasi ya nyuma inayosema kinakula umeme kiasi gani. Kikiwa kinakula wati 60, hakiwezi kutoa elfu.

Umeme ndio hoja inayofuata ya wanaoitetea sabufa ndogo. Kismayo umeme unauzwa na kampuni binafsi na si rahisi. Visiwani wengi wanategemea sola na betri ya volti 12. Nani atalisha koni ya inchi 12? Swali linasikika zito mpaka ulitazame kwa hesabu. Kinachokula umeme ni sauti unayoitaka. Koni kubwa kwa sauti ileile ya chini kwa kawaida hula sawa na ndogo au pungufu, kwa sababu eneo lake kubwa husukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo. Spika ya kawaida hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati 1 tu ukiwa umbali wa mita 1, na katika chumba cha mita 3 hakuna anayekaa mbali zaidi ya hapo sana. Amplifaya ndogo ya volti 12, yenye wati 18 halali, inaweza kuiendesha sabufa ya inchi 10 katika chumba kama hicho kwa usikilizaji wa staha. Sola inayowasha taa na kuchaji simu itaibeba.

Bei ndiyo pingamizi pekee ninaloliona lina uzito wa kweli, na sitalipuuza. Sabufa nzuri ya kiwandani iliyofungwa ni ghali kuliko kisanduku mara kadhaa. Lakini njia ipo, nayo iko mikononi mwa mafundi wetu. Koni ya gari ya inchi 10 inapatikana, mpya au iliyotumika, na seremala anayetengeneza vyombo vya baharini ana ujuzi kupita kiasi wa kutengeneza sanduku lisilopitisha hewa. Tumia plaiwudi, ya baharini ikiwezekana, gundi na misumari ya kukaza kila ukingo, na ndani uweke msalaba wa mbao ili kuta zisitikisike. Kataa mbao za unga zilizoshindiliwa, ambazo makasha mengi ya dukani yametengenezwa kwazo: unyevu wa bahari huzifumua kama mkate. Kataa pia koni yenye ukingo wa sponji, kwa kuwa joto na unyevu vitaula. Chukua yenye ukingo wa mpira. Paka mafuta kidogo kwenye ncha za waya kabla chumvi haijazifikia. Kasha la namna hiyo litakaa miaka mingi, na fundi atakayelitengeneza anaishi mtaani kwako.

Mahali pa kuiweka sabufa panahitaji subira kuliko pesa. Pembeni mwa chumba ndipo panapoamsha kila mvumo kwa pamoja, na ndipo karibu kila mtu anapoiweka. Iweke kwanza pale unapokaa, juu ya kiti chako kabisa. Piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha inama usikilize ukizunguka kando ya kuta. Utakuta sehemu ambapo noti zote zinasikika sawasawa. Hapo ndipo sabufa ikae, nawe urudi kwenye kiti. Kata milio yake ya juu kuanzia hezi 80 au chini ya hapo, ili sauti ya mwimbaji isitokee sakafuni. Kama ina swichi ya kugeuza fezi, jaribu pande zote mbili, uache ule unaoipa besi ujazo pale inapokutana na spika. Todd Welti wa Harman alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa 2 zilizowekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana husawazisha chumba kuliko 1, na ukiwa na uwezo wa koni mbili za inchi 8 au 10 zilizofungwa, nitakuunga mkono uziweke hivyo badala ya moja ya inchi 12. Hata hapo, jumla ya hewa inayosukumwa imeongezeka. Hakuna anayeponea kwenye udogo.

Basi unaporudi dukani, chukua katika simu yako wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka ngazi moja moja, wala usichague ule wa kishindo. Mwombe muuzaji ashushe sauti mpaka mnaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Hesabu noti zinavyoshuka. Ikiwa moja inaruka mbele na zinazofuata zinakosekana, irudishe sabufa hiyo rafuni, hata ikiwa ndiyo inayotosha chumba chako kwa maelezo ya kila mtu aliyesimama pale. Kisha uulizie yenye koni ya inchi 10 isiyo na tundu, na kama hawana, ulizia koni peke yake, uende kwa seremala.